Bandia na Mbadala

Ukiingia katika duka la spea hapa Mwanza, iwe katikati ya mji au huku kwetu Nyegezi kandokando ya barabara iendayo Shinyanga, ukataja spea unayoitaka, muuzaji hakutajii bei kwanza. Hukuuliza: "Unataka orijino, mtumba, au ya kawaida?" Orijino ni ile yenye nembo ya kiwanda kilichounda gari. Mtumba ni ile iliyofunguliwa kutoka gari kuukuu lililokatwa, mara nyingi huko Japani. Ya kawaida ni spea mpya iliyotengenezwa na kiwanda kingine na kuuzwa kwa jina la kiwanda hicho, na bei yake aghalabu ni nusu ya orijino au chini ya hapo. Ipo na ya nne ambayo muuzaji haitaji. Hiyo ni ile iliyotengenezwa na mtu asiyejulikana, ikatiwa ndani ya boksi lenye jina la mwingine.

Nyuma ya swali la muuzaji liko swali jingine, nalo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja. Je, mtu mwenye familia na majirani anatenda haki akifunga katika gari lake spea ya kawaida, tena akaifunga mwenyewe nyumbani kwake, bila fundi wala mkaguzi? Wapo watu waadilifu, ninaowaheshimu, wanaosema hatendi haki. Mimi naona anaweza kutenda haki, lakini kwa masharti, na masharti yenyewe si mepesi.

Mfano wangu utakuwa shokapu za mbele na mauntingi zake. Nimeuchagua kwa kuwa ndizo tulizozibadilisha mimi na mjukuu wangu hapa uani, katika Toyota Corolla niliyokuwa nayo baada ya kustaafu, na pia kwa kuwa ni spea ambayo watu wengi hawaijui kazi yake.

Wengi hudhani kwamba shokapu hubeba gari. La hasha. Katika magari yetu madogo uzito hubebwa na springi. Springi ina tabia yake: ukiibonyeza hurudi, ikirudi hupitiliza, kisha hubonyea tena. Ingeachwa peke yake, gari lingechezacheza kama mtumbwi mtupu siku ya mawimbi. Kazi ya shokapu ni kuituliza. Ndani yake mna pistoni iliyozama katika oili, na oili hiyo hulazimishwa kupita katika matundu madogo, hata nguvu ya mtikisiko ikageuka kuwa joto na kupotelea hewani. Mauntingi nayo ni kile kisahani cha chuma na raba kilichoko juu kabisa, kinachoiunga shokapu na bodi. Katika magari mengi huambatana na beringi, ili shokapu na springi ziweze kuzunguka usukani unapokatwa.

Kwa hiyo shokapu haikuwekwa kwa ajili ya starehe ya aliyeketi kitini tu. Kazi yake kubwa ni kulifanya tairi lisiachane na barabara, kwa maana tairi lililo hewani halishiki breki wala halitii usukani. Shokapu ikichoka, gari huhitaji nafasi ndefu zaidi kusimama, hasa penye barabara mbovu. Na atakayeikosa nafasi hiyo si lazima awe mwenye gari. Anaweza kuwa mtoto wa shule anayevuka barabara pale Nyegezi Kona, ambaye hana habari ya shokapu wala springi.

Tena shokapu haifi siku moja kama tairi linavyopasuka. Hufa kidogo kidogo, na dereva naye huzoea kidogo kidogo. Leo gari linainama zaidi akifunga breki, mwezi ujao linagonga mbele akipita kwenye tuta, na mwaka ukiisha anaapa kwamba gari lake ni zima. Mgeni akipanda mara moja tu ndiye hushtuka. Hapo, ndugu msomaji, ndipo jambo la chuma linapogeuka kuwa jambo la maadili: mmoja ameizoea hatari, na wengine wanaibeba pasipo kujua.

Siku tulipokuwa tumelipandisha gari juu ya stendi, tairi za mbele zimelala chini, jirani yangu alipita. Ni mstaafu kama mimi, na hana desturi ya kuzungusha maneno. Akaitazama ile boksi, akasoma jina, akatikisa kichwa. "Mwalimu," akasema, "kiwanda kilichounda gari ndicho kinacholijua gari. Ukiweka kitu cha mwingine unacheza kamari, na dau si lako peke yako."

Hoja hiyo ina sehemu mbili, na kila moja inastahili jibu lake.

Sehemu ya kwanza ni kwamba kiwanda ndicho kijuacho. Ukweli ni kwamba viwanda vya magari haviundi kila kitu chenyewe. Toyota hununua shokapu zake nyingi kwa makampuni mengine, mojawapo ikiwa Kayaba, ile inayojulikana kwa herufi za KYB, na kampuni hiyohiyo huuza shokapu madukani katika boksi lenye jina lake. Hata umbo lenyewe la shokapu iliyovishwa springi na kusimamishwa chini ya mauntingi halikutoka Japani. Lilibuniwa na Mmarekani, Earle MacPherson, katika miaka ya 1940, na likapata umaarufu katika magari ya Ford Consul na Zephyr yaliyotolewa Uingereza mwaka 1950. Wazee wa rika langu wanaikumbuka Zephyr. Mwaka 1955 ilishinda mashindano ya magari yaliyokuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Leo umbo hilo limo katika magari ya Wajapani, Wajerumani na Wakorea, wala hakuna anayeyaita magari hayo bandia kwa sababu wazo lilizaliwa kwingine.

Sisi wa kandokando ya ziwa tunao mfano ulio karibu zaidi. Meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi katika miaka ya 1960, ilisimama mwaka 2014. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa ikatiwa injini mpya, ikarudi majini mwaka 2020. Injini zilizokuja nayo kutoka Uingereza hazimo tena. Watu wa Bukoba wanaposhuka humo hawaulizi kama ni meli ileile. Huuliza kama inafika, na kama inafika salama. Usione vyaelea, vimeundwa, na wakati mwingine vimeundwa zaidi ya mara moja.

Basi asili peke yake haitoshi kutuambia lililo jema. Spea ya mtumba ni ya asili kabisa, lakini shokapu iliyokwisha kufanya kazi miaka 15 Osaka imetumia nguvu zake huko, na raba yake imezeeka. Akiulizwa mtu mwenye fedha kidogo achague kati ya kitu cha asili kilichochoka na kitu kipya cha kiwanda kingine kinachojulikana, sioni dhambi akichagua cha pili. Kitu hupimwa kwa kazi yake.

Lakini neno "hupimwa" ndilo lenye uzito hapa, na ndilo linalotenga spea ya kawaida na ile ya nne. Spea mbadala husema: mimi ni fulani, nimetoka mahali fulani, nipime. Spea bandia husema: usinipime, nimekwisha kupimwa na fulani. Ya kwanza inakuachia akili yako. Ya pili inakunyang'anya. Ndiyo maana Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo siku hizi husimamiwa na Tume ya Ushindani, haimkatazi mtu kutengeneza shokapu inayoingia katika gari la mwingine. Inamkataza kuweka alama ya mwingine katika kazi yake. Inawezekana kabisa spea bandia ikadumu kuliko mbadala, kwa bahati tu. Hata hivyo aliyeiuza ametenda vibaya, kwa kuwa aliyeinunua hakupewa nafasi ya kuamua. Ubaya wake umo katika jina kabla haujafika kwenye chuma.

Sehemu ya pili ya hoja ya jirani yangu ni nzito zaidi, nayo haijibiwi kwa habari za viwanda: dau si lako peke yako. Hapo alisema kweli. Anayepanda chombo hana namna ya kukikagua. Watu wa Mwanza tunalijua hilo tangu tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na mji wetu ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Abiria walikata tiketi wakaingia, kama kila mtu anavyofanya. Walijua bei ya safari. Wasichojua walikuwa wamewaachia wengine. Imani ya namna hiyo ni amana, na anayepokea amana hawezi kusema kwamba hakuombwa kuitunza.

Swali basi ni hili: kitu kisicho na jina kubwa kinawezaje kubebeshwa amana? Katika kulifikiria nimerudi mara nyingi kwenye kazi yangu, kwa sababu taifa letu liliwahi kukutana na swali hilo kuhusu watu, si kuhusu vyuma.

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ipatikane ifikapo 1977, badala ya kungoja hadi 1989 kama ilivyokuwa imepangwa. Vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa moja kwa moja shuleni. Walifundisha huku wakijifunza kwa posta, kwa redio na kwa kuelekezwa na wakufunzi waliowatembelea, kisha wakaja chuoni kwa majuma machache kumalizia. Waliofuzu kwa njia hiyo walikuwa zaidi ya 35,000. Watu waliwaita "walimu wa UPE", na jina hilo lilitamkwa kwa midomo iliyopinda. Kwa lugha ya duka la spea, hawakuwa orijino.

Nilikuwa mkufunzi kijana wakati huo, na nilitumwa kuwatembelea baadhi yao vijijini. Wapo walioshindwa, na watoto waliopita mikononi mwao walipata hasara ambayo haikulipwa. Hilo sitalificha kwa kupenda habari njema. Lakini wapo waliofundisha vizuri kuliko wenye vyeti vya miaka miwili. Tofauti niliyoiona haikuwa mahali walikotoka, kwa maana wote walitoka darasa la saba. Mwalimu aliyefaulu alikuwa na mtu. Alikuwa na mwalimu mkuu aliyeingia darasani kwake, akaketi nyuma, akasoma maandalio yake ya somo, akamwambia hapa umepotoka. Aliyeshindwa mara nyingi alikuwa ameachwa peke yake na watoto 80 na kopo la chaki. Aliyewapeleka watu hao kazini alikuwa na wajibu mkubwa zaidi kwao kuliko kwa mwalimu wa chuo, maana chuo hakikusimama nyuma yao.

Ndivyo nionavyo kuhusu spea. Orijino inakuja na jina la kiwanda, na kiwanda kinajibu. Unapochagua mbadala unapunguza bei, lakini jukumu la kujibu halipungui. Linahama tu, linakuja mkononi mwako. Na ukiifunga mwenyewe uani, hakuna gereji wala risiti ya fundi ya kugawana nawe. Wewe ndiye kiwanda, wewe ndiye mkaguzi.

Jambo hilo lilitujia sisi wenyewe kabla jua halijatua. Tulikuwa tumenunua shokapu mbili, kushoto na kulia, kwa kuwa kubadilisha upande mmoja tu ni kulifanya gari liwe na tabia mbili. Springi tulizibana kwa kifaa chake, tulichokiazima kwa malipo kidogo kutoka gereji. Nimewahi kuona watu wakizibana kwa waya, na ninamsihi kila msomaji asifanye hivyo, maana springi iliyobanwa ikifyatuka huua. Tulipoifungua nati ya juu na kutoa mauntingi ya kwanza, kwa mbali ilionekana nzima. Nilipoikunja kwa vidole raba ilifunua ufa mahali inaposhikana na chuma. Mauntingi mpya hatukuwa tumenunua. Fedha iliyobaki ilikuwa imekwisha kupangiwa kazi nyingine, na pensheni ilikuwa mbali.

"Babu," mjukuu wangu akasema, "tuirudishe tu. Ikifunikwa na kile kifuniko hakuna atakayeiona."

Alikuwa kijana mwema, aliyemaliza kidato cha sita na kungoja matokeo, wala hakusema kwa uvivu. Alinihurumia mimi na mfuko wangu. Nami niliona kwamba maneno yake ndiyo kiini cha jambo zima. Mauntingi ile ilikuwa orijino, yenye nembo ya kiwanda. Kama tungeirudisha tukafunika, gari lingekuwa na asili zaidi na uaminifu pungufu. Na kweli hakuna ambaye angeiona. Maadili mengi tunayoyasifu hadharani hutegemea jicho la mwingine: mwalimu hufundisha vizuri akijua mkaguzi yuko njiani, karani huhesabu vizuri siku ya ukaguzi. Kazi ya nyumbani haina jicho hilo. Chini ya kifuniko kile palikuwa na ufa, na watu wawili tu wenye habari nao.

Tuliliacha gari juu ya stendi. Lilikaa hapo siku 11, mpaka pensheni ilipoingia tukanunua mauntingi mbili. Katika siku hizo mama watoto alikwenda kliniki yake mara mbili kwa daladala, amesimama njia nzima, naye si kijana. Nilimwomba radhi kwa usumbufu. Akanijibu, "Afadhali daladala ninayoijua ni mbovu kuliko gari lako ninalodhani ni zima." Nimesoma vitabu kadhaa vya wanafalsafa kuhusu ukweli na udanganyifu, na sikumbuki kimoja kilicholisema jambo hilo kwa maneno machache hivyo.

Kazi ilipokwisha tulilipeleka gari kwenye alaimenti. Nikamwomba fundi wa huko, ambaye hakuwa na haya ya kunikosoa, alikague kila kitu na ajaribu kila nati kwa mkono wake. Naliweka hili katika masharti: asiye na mkaguzi amtafute. Halipunguzi heshima ya aliyefanya kazi. Ni kumwita mwalimu mkuu aketi nyuma ya darasa lako.

Sharti la mwisho ni ulimi. Nilikuwa na daftari la gari, na humo niliandika tarehe, jina la kiwanda lililokuwa juu ya boksi, duka nililonunulia, na kwamba tulifunga wenyewe. Miaka miwili baadaye, macho yangu yalipoanza kuchoka usiku, niliamua kuliuza. Akaja mwalimu kijana, akaliendesha hadi Buhongwa na kurudi, akalisifu kwamba limetulia. Akauliza, "Mzee, shokapu ni orijino?" Nikampa daftari. Alisoma, akakaa kimya kidogo, kisha akapunguza bei. Jirani yangu alikuwepo, akanitazama kana kwamba ananiambia, si nilikuambia?

Sikubishana na yule kijana. Alikuwa na haki ya kupima, na kupima kwake kuligharimu fedha yangu, kama ilivyo desturi ya ukweli. Shokapu zile zilikuwa mbadala tangu siku ziliponunuliwa, na zilifanya kazi yake vizuri. Lakini kama ningenyamaza, au ningeitikia tu kwa kichwa, chuma kilekile, kisichobadilika hata chembe, kingegeuka bandia pale pale mkononi mwangu.